Kujua Mahali pa Kusimama: Tunda la Kiasi katika Elimu na Maendeleo



Hivi karibuni, katika somo la vijana la Jumamosi, dada mmoja anayesomea uuguzi alituuliza swali mbele ya wenzake: «Baba Mchungaji, Mungu alimkataza mtu wa kwanza kula matunda ya mti wa ujuzi. Sisi tunakesha usiku kwa ajili ya mitihani. Je, Mungu hapendi tujue?» Vijana walicheka, lakini yeye hakucheka. Baadaye tulifahamu kwamba mjomba wake, anayemlipia masomo, amemwambia kwamba elimu nyingi itamwondolea imani. Dada huyu alitaka kujua kama aendelee au aache.

Siku ile tulimjibu kwa ufupi, kwa sababu kwaya ilikuwa inangoja chumba. Jibu lile halikututosha hata sisi wenyewe. Makala hii ni jibu refu zaidi. Tunaliandika kwa ajili yake, kwa ajili ya mjomba wake, na kwa ajili ya wote katika makanisa yetu ya Mashariki wanaojiuliza kama imani na maendeleo vinaweza kuketi kwenye benchi moja.

Mungu hakuifunga milango ya elimu

Tufungue kitabu cha Mwanzo, sura ya 2, na tusome polepole. Kwanza Mungu anampa Adamu kazi: kuilima bustani na kuitunza. Halafu inakuja ruhusa kubwa: miti yote iko wazi, isipokuwa mmoja. Na baada ya katazo hilo, Mungu anamletea Adamu wanyama na ndege, akingoja kuona atawaita kwa majina gani.

Tuone mpangilio huo vizuri. Kumpa mnyama jina kunadai umtazame, umtofautishe na mwenzake, uelewe namna anavyoishi. Ndiyo kazi inayofanywa hadi leo na watu wa elimu ya viumbe. Mungu aliitoa kazi hiyo baada ya kuweka mpaka. Maana yake ni kwamba mpaka ule haukufunga mlango wa kujua. Hamu ya kujua haikuletwa na nyoka. Alicholeta nyoka ni kitu kingine: aliufanya mpaka mmoja uonekane kama gereza, na akamfundisha mtu kutamani kujua bila kuwajibika mbele ya mtu yeyote.

Mtume Paulo, katika Wagalatia 5, anapotaja tunda la Roho, anamalizia kwa kiasi. Sisi wachungaji tumezoea kuhubiri kiasi kana kwamba kinahusu pombe na tamaa za mwili tu. Lakini kiasi ni uwezo wa kutawala nguvu uliyo nayo. Asiye na nguvu hana cha kuzuia. Kadiri mtu anavyopata elimu na vyombo vingi, ndivyo anavyohitaji tunda hili zaidi.

Wanaoshuka milima ya Ngomo, kutoka Nyangezi kwenda Kamanyola, wanaelewa jambo hili bila mahubiri. Hakuna msafiri anayesema kwamba breki ni adui wa safari. Dereva mwenye breki nzuri ndiye anayethubutu kushuka. Asiye nazo, afadhali asiondoke kituoni.

Jiwe lililotoka Katanga

Ili tuone ni nini kinatokea elimu inapokimbia bila breki, hatuhitaji kwenda mbali. Habari hii inaanzia katika udongo wetu wenyewe, Shinkolobwe, karibu na Likasi.

Mwaka 1915, wakati wa utawala wa Kibelgiji, iligunduliwa pale akiba ya uraniamu yenye utajiri usio wa kawaida. Kuanzia mwaka 1921 kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga ilichimba mawe yale kwa ajili ya kupata radiamu, iliyouzwa kwa bei kubwa sana kwa hospitali za Ulaya. Uraniamu yenyewe ilionekana kama takataka. Hapo hamu ya kujua ilikuwa imezaa kitu chema: radiamu ilitumiwa kutibu kansa.

Lakini mwishoni mwa mwaka 1938 wataalamu wa Ujerumani waligundua kwamba kiini cha uraniamu kinaweza kupasuliwa. Mwezi Agosti 1939 Albert Einstein alitia sahihi barua kwa Rais Roosevelt wa Marekani, akimwonya kwamba bomu la aina mpya linaweza kutengenezwa. Ndani ya barua hiyo Kongo inatajwa kwa jina, kama mahali penye chanzo kikubwa zaidi cha uraniamu. Mwaka 1940 mkuu wa Union Minière, Edgar Sengier, alisafirisha zaidi ya tani 1,000 za mawe ya Shinkolobwe hadi New York. Mwaka 1942 jeshi la Marekani liliyanunua, na mgodi ukafunguliwa tena. Sehemu kubwa ya uraniamu iliyotumiwa katika mpango wa bomu ilitoka Katanga.

Wakongomani walichimba mawe yale na kuyapanga kwa mikono. Hawakuambiwa ni kitu gani wanachokishika, wala mawe yanakwenda kufanya nini. Tarehe 6 Agosti 1945 bomu liliangushwa Hiroshima, na siku tatu baadaye jingine Nagasaki. Inakadiriwa kwamba hadi mwisho wa mwaka ule watu wapatao 140,000 walikuwa wamekufa Hiroshima, na kama 70,000 Nagasaki.

Kitabu cha Yobu, sura ya 28, kinaeleza kazi ya mchimbaji kwa namna inayotushangaza sisi tuliozaliwa katika nchi ya migodi. Kinamwonyesha mtu akining'inia ndani ya shimo mbali na watu, akipindua milima, akileta kwenye nuru kitu kilichofichika. Yobu hamdharau mtu huyo. Anamsifu. Halafu anauliza: hekima je, inachimbwa wapi? Anajibu kwamba haimo katika vilindi, wala haiuzwi kwa dhahabu. Inaanza kwa kumcha Bwana na kujitenga na uovu. Shinkolobwe ilitoa kila kitu ambacho mtu anaweza kukichimba. Hekima haikuwemo katika mawe yale. Ilikuwa lazima itoke ndani ya watu walioyachukua.

Mtu mmoja aliyefunga mizigo yake

Miongoni mwa watu hao, mmoja anastahili kukumbukwa makanisani mwetu, ingawa hakuwa mhubiri. Jina lake ni Joseph Rotblat, mtaalamu wa fizikia, Myahudi aliyezaliwa Poland. Mwaka 1939 alikwenda Uingereza kufanya kazi. Mke wake, Tola, alikuwa mgonjwa na hakuweza kusafiri naye. Vita ikaanza, mipaka ikafungwa, na mke huyo aliangamia pamoja na Wayahudi wengine wa Poland.

Kama kuna mtu aliyekuwa na sababu ya kutaka bomu, ni yeye. Mwaka 1944 alijiunga na wenzake huko Los Alamos, Marekani. Sababu yake ilikuwa moja: aliogopa kwamba Hitler angelipata bomu kwanza. Mwishoni mwa mwaka uleule alifahamu kwamba Wajerumani walikuwa wameacha mpango wao. Rotblat alijiuliza: kama sababu iliyonileta imekwisha, mimi ninafanya nini hapa? Mwezi Desemba 1944 alifunga mizigo yake akaondoka.

Wenzake walibaki. Ujerumani ilishindwa mwezi Mei 1945, na bado kazi iliendelea. Wapo waliotaka kulijaribu bomu kwanza, ndipo wafikiri juu ya matumizi yake. Wapo walioamini kwamba bomu litafupisha vita na Japani. Wapo waliosema kwamba kuamua si kazi yao. Na wengine, tuseme ukweli, walikuwa wamefikia mahali patamu pa kazi, na mtu aliyekaribia kufungua fumbo huona uchungu mkubwa kuliacha. Hatuwahukumu kirahisi. Tunajiona ndani yao. Nani kati yetu hajawahi kuendelea na jambo kwa sababu tu alikuwa amekwisha kulianza?

Rotblat hakuiacha elimu. Alirudi Uingereza, akageuza fizikia yake kuwa huduma ya hospitali, akachunguza namna mionzi inavyodhuru mwili na namna inavyoweza kutibu. Kwa miaka mingi alikusanya wataalamu wa nchi zilizokuwa maadui ili wazungumze juu ya kupunguza silaha hizo. Mwaka 1995 alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Kwake tunajifunza neno la kwanza: mtu mwenye kiasi anakumbuka sababu iliyomfanya aanze, na sababu hiyo ikifa, hajitafutii nyingine ili aendelee.

Waliosimama kabla ya kusimamishwa

Mtu anaweza kusema: «Mtu mmoja akiondoka, gari linaendelea. Kiasi cha mmoja kinasaidia nini?» Ni swali la haki. Ndiyo maana tunaleta mfano wa pili, ambapo waliosimama walikuwa wengi.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970, wataalamu wa Marekani walipata njia ya kukata jeni za kiumbe kimoja na kuziunganisha na za kiumbe kingine. Paul Berg, wa Chuo Kikuu cha Stanford, alikuwa na mpango ambao ungeweza kuingiza jeni za virusi vya nyani, vinavyoleta uvimbe kwa baadhi ya wanyama, ndani ya bakteria wa aina inayoishi katika matumbo ya watu. Mwenzake mmoja alimpigia simu na kumuuliza: je, bakteria hao wakitoka nje ya maabara, itakuwaje? Berg angeweza kukasirika. Badala yake alisimamisha jaribio.

Mwezi Julai 1974, yeye pamoja na wenzake walitangaza barua wakiwaomba wataalamu wa dunia nzima wasitishe majaribio ya aina fulani mpaka hatari zake zifahamike. Mwezi Februari 1975, watu wapatao 140 walikutana mahali panapoitwa Asilomar, California. Walikuwepo wataalamu, wanasheria, hata waandishi wa habari. Walibishana siku kadhaa, kisha wakapatana: majaribio madogo yafanyike kwa ulinzi mdogo, makubwa kwa ulinzi mkubwa, na mengine yasifanyike kwanza.

Je, kusimama kule kuliua maendeleo? Tuwaulize wagonjwa wa sukari walio katika makanisa yetu. Zamani insulini ilitolewa katika viungo vya ng'ombe na nguruwe. Mwaka 1982 insulini ya kwanza iliyotengenezwa na bakteria kwa njia ile mpya iliruhusiwa kutumika. Mtu aliyesimama njiani kuangalia daraja kabla ya kuvuka hakuchelewa. Wahenga walisema: mwenda pole hajikwai.

Tulinganishe na jambo lililotokea mwezi Novemba 2018. Mtaalamu wa China, He Jiankui, alitangaza kwamba amebadilisha jeni za mapacha wawili wa kike kabla hawajazaliwa, akitaka wasiambukizwe virusi vya UKIMWI. Baba yao aliishi na virusi hivyo, lakini zilikuwepo njia zinazojulikana za kumkinga mtoto bila kugusa jeni zake. Mabadiliko ya namna hiyo yanaweza kurithiwa na watoto na wajukuu. Watoto hawakuulizwa, na wajukuu hawajazaliwa. Mwezi Desemba 2019 mahakama ilimhukumu kifungo cha miaka mitatu. Alikuwa na elimu, na pengine hata nia njema. Alichokosa ni subira ya kungoja, na unyenyekevu wa kuwasikiliza wenzake waliokuwa wameonya dhidi ya jambo kama hilo.

Beni na Butembo: «Pamoja Tulinde Maisha»

Mfano wa tatu ni wetu. Wengi wenu mliuishi.

Tarehe 1 Agosti 2018 ulitangazwa mlipuko wa Ebola katika Kivu ya Kaskazini. Hadi ulipotangazwa kwisha, tarehe 25 Juni 2020, watu 2,287 walikuwa wamekufa. Tunakumbuka miezi ile: kunawa mikono kwenye mlango wa kanisa, kusalimiana bila kushikana, kuzika bila kuosha maiti. Tunakumbuka pia maneno yaliyokuwa yanapita sokoni, kwamba watu wanapelekwa kituoni ili wafanyiwe majaribio kama panya. Mwezi Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa.

Ukweli ni kwamba majaribio yalikuwepo. Tangu Novemba 2018 ulikuwepo uchunguzi wa dawa nne, ulioongozwa kwa pamoja na Profesa Jean-Jacques Muyembe, Mkongomani mwenzetu, ambaye tangu mlipuko wa kwanza wa Yambuku mwaka 1976 amekuwa akiutafuta ugonjwa huu. Uchunguzi ulipewa jina la Kiswahili, Pamoja Tulinde Maisha. Lakini tuangalie namna ulivyofungwa kamba za kiasi. Hakuna mgonjwa aliyeingizwa bila yeye au ndugu zake kukubali. Hakuna aliyeachwa bila dawa ili aonekane atakufa namna gani. Kila mmoja alipewa mojawapo ya zile nne. Na lilikuwepo baraza la watu wengine, wasiokuwa wenye uchunguzi, lenye haki ya kuangalia matokeo na kusema: simameni.

Mwezi Agosti 2019 baraza hilo lilisema simameni. Hesabu ilikuwa inaonyesha kwamba katika dawa mbili, karibu nusu ya wagonjwa walikufa. Katika mbili nyingine, kama theluthi moja. Idadi ya wagonjwa 725 iliyokuwa imepangwa ilikuwa bado haijatimia. Mtu anayependa kujua tu angesema: tuongeze kidogo ili kitabu chetu kikamilike. Lakini kila mgonjwa mpya ambaye angepewa dawa dhaifu angelipia ukamilifu huo kwa maisha yake. Wakasimama, na kuanzia hapo wagonjwa wakapewa zile dawa mbili zilizo bora. Mojawapo ilitokana na damu ya mtu aliyepona Ebola ya Kikwit mwaka 1995.

Ndugu, hilo ndilo tunalolikosa mara nyingi tunapozungumza juu ya elimu. Kiasi si tabia ya moyoni tu. Ni kukubali kwamba mtu mwingine awe na haki ya kukuambia simama, nawe usimame. Na sisi wachungaji tuna la kutubu. Katika miezi ya kwanza, wengine kati yetu tulinyamaza kwa kuogopa waamini, na wengine tuliyarudia maneno ya sokoni kwenye mimbari. Kutojizuia kwa ulimi kuliweza kuua kama kutojizuia kwa sindano.

Ziwa lililo mbele ya madirisha yetu

Sasa tuje kwenye jambo ambalo bado halijaamuliwa mwisho wake. Ninyi mnaoamka Goma, Sake, Minova, Kalehe, Idjwi na Bukavu mnalitazama kila asubuhi.

Chini ya Ziwa Kivu kuna gesi nyingi: kama mita za ujazo bilioni 300 za gesi ya kaboni na bilioni 60 za methani. Gesi ya kaboni ni ile ile inayoua watu na mbuzi katika mazuku. Methani inaweza kuwaka na kutoa umeme. Gesi zote mbili zimeshikiliwa chini kwa sababu maji ya vilindini ni mazito, na yale ya juu yanayalalia kama kifuniko. Mwaka 1986, katika Ziwa Nyos, nchini Kamerun, gesi ya kaboni ilipasuka kutoka chini usiku na kuua watu zaidi ya 1,700 vijijini. Ziwa lile ni dogo sana likilinganishwa na letu.

Je, tuseme basi kwamba gesi isiguswe? Hapana. Kuitoa methani kwa utaratibu kunaweza kupunguza hatari, na watoto wetu wanahitaji umeme wa kusomea. Ng'ambo ya Rwanda, mitambo ya Karongi inazalisha umeme kwa gesi hiyo. Kazi yenyewe inafanyika hivi: maji ya vilindini yanapandishwa kwa bomba, gesi inatenganishwa, kisha maji yanarudishwa ziwani. Kila kitu kinategemea kina cha kuyarudishia. Yakirudishwa juu mno, yanaweza kudhoofisha kile kifuniko, au kuchafua maji wanamoishi sambaza. Wataalamu wamekwisha kuandika kanuni za kina hicho. Kwa hiyo elimu ipo. Swali linalobaki ni kama kila mwenye mtambo, leo na kesho, pande zote mbili za ziwa, atakubali kuzifuata hata zinapompunguzia faida.

Katika Kutoka 16, Waisraeli walipewa mana yenye kipimo. Aliyeweka ya kesho kwa tamaa aliikuta imeoza na kuingia wadudu. Mana ilikuwa zawadi ya kweli. Kipimo nacho kilikuwa sehemu ya zawadi.

Maswali manne ya kuchukua nyumbani

Kutokana na mifano hiyo tunapendekeza maswali manne. Yanafaa kwa mtaalamu katika maabara, kwa kamati ya maendeleo ya parokia, na kwa kijana mwenye simu mkononi.

1. Tulianza kwa sababu gani, na sababu hiyo bado ipo? Ni swali la Rotblat.

2. Nani atalipa tukikosea? Kule Shinkolobwe, waliolipa hawakuwa walioamua. Jambo ambalo hasara yake inamwangukia asiyekuwepo mezani, tulitilie shaka.

3. Nani ana haki ya kutuambia tusimame? Kama jibu ni «hakuna», hatuko salama, hata kama sisi ni watu wema. Hata mchungaji anahitaji wazee wa kanisa wanaoweza kumwambia hapana.

4. Kinaweza kurudishwa? Kosa linaloweza kusahihishwa linaruhusu kujaribu. Kosa lisiloweza kurudishwa linadai kungoja.

Tusiwaachie wakubwa wa dunia maswali haya. Siku hizi programu ya simu inaweza kuigiza sauti ya mchungaji ikiomba sadaka, au kutengeneza picha ya binti wa watu akiwa uchi. Kijana anaweza kusema: «Nilikuwa ninajaribu tu.» Picha ya maiti ya jirani inatumwa kabla ndugu zake hawajapata habari, kwa sababu aliyeipiga alitaka awe wa kwanza. Paulo anawaambia Wakorinto (1 Wakorinto 10:23) kwamba kuruhusiwa ni jambo moja na kujenga ni jambo lingine. Kabla ya kubonyeza, tuvute pumzi na kuuliza: hii inajenga?

Bwana aliyeweza, akaacha

Tunamalizia kwa Bwana wetu. Katika Matayo 4, Yesu ana njaa, na Shetani anamwambia ageuze mawe kuwa mikate. Tusisahau kwamba aliweza. Baadaye aliwalisha maelfu kwa mikate michache. Uwezo ulikuwepo, njaa ilikuwepo, na hakuna aliyekuwa anaona. Lakini hakuugeuza uwezo wake kuwa wa kujishibisha mwenyewe. Aliungojea mahali ulipohitajika kwa ajili ya wengine. Ndiyo njia anayoieleza Paulo katika Wafilipi 2: mwenye yote alijishusha, akawa mtumishi.

Basi, dada yetu mwanafunzi, hili ndilo jibu letu. Soma. Kesha. Faulu mitihani yako. Mungu aliyemletea Adamu wanyama ili awape majina anafurahi unapojua jina la kila mshipa wa mwili. Siku moja utashika sindano, na mgonjwa aliye mbele yako hatajua kilichomo ndani yake. Utakuwa na nguvu juu yake. Siku hiyo ndipo utakapohitaji tunda la kiasi: kuuliza kwanza, kueleza, kusikiliza anayekuambia ungoje. Na wewe, mjomba wake, ndugu yetu mpendwa, endelea kumlipia masomo. Elimu peke yake haimwondolei mtu imani. Yamuombee maombi yako ajue mengi, na ajue pia mahali pa kusimama.

Bwana atupe Roho wake, azae ndani yetu tunda hilo, katika nyumba zetu, katika shule zetu, na katika nchi yetu yenye utajiri mwingi chini ya ardhi. Amina.